Shada la Mlangoni kwa Mama Furaha

Leo sina uso. Uso wangu umebaki Nyamianda, kwenye vumbi, pamoja na samaki wadogo, ndagala. Naandika haraka kabla hamjasikia kwa wengine, maana wataongeza chumvi. (Haina haja. Chumvi imo ya kutosha.)

Mnanijua. Shule niliiacha darasa la tano, nikaendelea kuisoma dunia. Nimevuta nyavu, nimeendesha pikipiki, nimechaji simu za watu, na kote huko nimeondolewa kwa heshima. Sasa niko kwa yaya, dada yangu mkubwa, hapa Songo, na nimekamatwa na mambo mawili: maua na kufuma. Maua nayapanda kwenye bidoni za mafuta zilizokatwa. Kufuma nilijifunza kwenye video, kwa waya mbili za gurudumu la baiskeli nilizozinoa kwenye jiwe. Mpaka leo nimemaliza kofia moja, ya kijani. Yaya anasema ni kifuniko cha thermos. Naivaa hivyohivyo, hata juani.

Sasa, kuna Furaha. Wajomba zangu wanataka kwenda kwao Jumapili kunitambulisha, lakini mama yake alikuwa bado hajatoa ruhusa. Alimwambia binti yake: "Huyu kijana wako hana kazi, hana shamba, iko na maua tu." Mnaelewa? Ndoa yangu yote ilikuwa mdomoni mwa Mama Furaha, na huo mdomo ulikuwa umefungwa.

Juzi nikaona kwenye simu nyumba za Ulaya. Baridi ikiisha, wazungu wanatundika mduara wa maua mlangoni kufurahia majira mapya. Nikajiuliza: na kwetu si mvua zimeanza? Bidoni zangu si zimechanua? Nikafuma mkanda mrefu kwa uzi uliobaki kwenye kofia, nikauzungusha kwenye waya niliokunja duara, nikachomeka maua meupe na ya zambarau. Chini nikaning'iniza utepe wenye mwandiko wangu mzuri: KWA MAMA, KWA UPENDO MWINGI.

Nikasogea nyuma kuitazama kazi yangu. Nikasema, huyu mama leo atanywea.

(Ndiyo, ninyi mmeshaona. Mimi sikuona. Mimi nilikuwa Ulaya.)

Leo asubuhi nikaenda kwao Nyamianda. Mama Furaha na Furaha walikuwa wameenda ufukweni kununua ndagala. Ndani alikuwamo babu peke yake, baba yake Mama Furaha, mzee ambaye masikio yake yanafanya kazi siku anazotaka yeye. Vizuri! Utakuwa mshangao wa kuwapokea. Nikatundika mduara wangu kwenye msumari wa mlango, nikaondoka kimyakimya kwenda kunyoa ndevu, ili wakirudi wanikute nimependeza.

Kinyozi alikuwa na foleni. Niliporudi, uwanja ulikuwa umejaa watu. Wanawake wameshika vichwa. Viti vinatoka kila nyumba. Wanaume wawili wanafunga turubai la shitingi kwa ajili ya kivuli, na mmoja tayari analalamika kwamba chai haijaja.

Nikamshika mkono jirani yao, Mama Riziki. "Mama, kuko nini?"

"Weye hujasikia? Mama Furaha ametutoka!"

Wazo langu la kwanza lilikuwa: na Jumapili? (Mungu anisamehe.) La pili: ukoo wote wa Furaha utakuwa hapa, na unanitazama. Basi nikalia. Jamani, nililia! Nilijitupa chini, nikavingirika kutoka mlangoni mpaka jikoni na kurudi. "Mama wangu! Umeniacha na nani?" Suruali ikapasuka gotini. Wanawake waliokuwa wakilia polepole wakaona haya, wakapandisha sauti. Mzee mmoja akasema, "Huyu iko na roho ya utu."

Nikiwa bado chini nikauliza, kwa kwikwi, "Lakini alikufa na nini?"

"Hatujue," akajibu Mama Riziki. "Tumeona tu ile shada ku mulango, imeandikwa KWA MAMA."

Shada. Mlango.

Nikainua kichwa. Mduara wangu ulikuwa pale juu, unapendeza kweli, na utepe wake. Kilio changu kikakatika katikati kama redio iliyoisha betri.

Nilipaswa kusema hapohapo. Nikaona afadhali niendelee kulala, labda nami nitakufa.

Ndipo Mama Furaha akatokea njiani, beseni la ndagala kichwani, Furaha nyuma yake. Aliona shitingi. Aliona viti. Akaona shada mlangoni pake, na aliyemwacha ndani ni mzee mmoja tu.

"Papaaa! Papa wangu!"

Beseni likaanguka. Ndagala zikamwagika vumbini. Watu waliokuwa wanamlilia wakaanza kukimbia, kwa sababu marehemu amekuja na miguu yake. Na leo, kati ya siku zote, masikio ya babu yakaamua kusikia. Akatoka na fimbo yake, analia, "Binti yangu! Wamesema umekufa!"

"Papa, weye ndiye umekufa!"

"Minye? Nani amesema?"

Wakatazamana. Wakashikana. Kisha wote wawili wakageuka kulitazama shada.

"Nani ametundika hii?" akauliza Mama Furaha, kwa sauti ndogo sana.

Mimi nilikuwa natafuta vizuri maneno ya kuanzia. Lakini Mama Riziki (jirani mwenye macho!) alisogea mlangoni, akagusa ule uzi wa kijani. Kisha akatazama kichwa changu. Uwanja mzima ukatazama kichwa changu. Nikavua kofia, kana kwamba hilo lingesaidia.

"Ni ya kufurahia mvua," nikasema. "Ulaya wanafanyaka hivi."

Furaha alijifunika uso kwa kitenge. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na hakuwa analia.

Mama Furaha akasema, "Okota." Nikaokota ndagala, mojamoja, napuliza vumbi, mbele ya waombolezaji wangu. Yeye akachukua kiti katikati ya kilio chake mwenyewe, akawatazama majirani taratibu.

"Kwa kuwa nimefika mapema, niambieni. Nani alinililia?"

Watu wakaanza kutazama shitingi.

"Mama Riziki, jicho lako liko kavu."

"Nilikuwa napanga viti, mama."

"Na weye unayeuliza chai?"

Yule bwana akakumbuka ana safari.

"Ukweli ni mumoja," akasema babu akinielekezea fimbo. "Nilikuwa dirishani. Ni huyu mupumbavu tu aliyevingirika."

Mama Furaha akatazama goti langu, pale suruali ilipopasuka. Akatazama muda mrefu.

"Wajomba zako waje Jumapili," akasema. "Lakini muntu asilete hata ua moja."

Shada amenirudishia, na sasa liko hapa Songo juu ya meza ya yaya, bado bichi kabisa. Chekeni basi. Ila anayecheka sana, kesho asubuhi autazame mlango wake.