Shingo Yangu na Ndevu za Adolf

Jumatatu, 18 Mei 2015
Wakimbizi wengine wa Burundi wameshushwa leo melini kutoka Kagunga, mpakani. Mimi ni karani wa kuwaandikisha hapa uwanja wa mpira, Kigoma mjini. Nimesinzia mezani mara mbili. Mara ya pili niliamshwa na mkimbizi mwenyewe, mzee wa watu, ametembea siku tatu na godoro kichwani. Akaniuliza kama nimekula. Aibu.

Bi Sia, mkuu wetu, ameona. Kanihamishia foleni fupi. Foleni yangu amepewa Adolf. Adolf ana ndevu hadi kifuani na hachoki.

Jumapili nakwenda Kidahwe kujitambulisha kwa Mzee Leonardi, baba yake Diana, mchumba wangu. Diana anasema baba yake anataka mkwe aliye mwanaume kwelikweli. Nina miaka ishirini na sita. Kidevuni nina nywele saba. Nimezihesabu. Watu wanatokwa jasho, mimi nasikia baridi. Na ule uchangamfu wa kijana, ambao sitaki kuuandika hata humu, umenikimbia tangu Januari.

Nimekata shauri. Ni upungufu wa homoni za kiume. Nitajitibu.

Jumanne, 19 Mei
Nimekwenda Ujiji sokoni. Kuna bwana anauza unga wa mizizi. Nikamwambia ni wa rafiki yangu. Akasema nimwambie rafiki yangu anywe kijiko kimoja kwenye uji. Kimoja ni cha mtu mwenye muda. Mimi nina siku tano. Nimekunywa vitatu.

Jumatano, 20 Mei
Nimeharisha tangu alfajiri. Nikaenda kazini hivyohivyo ili Adolf asipate la kusema. Kosa. Uwanja mzima unaogopa kipindupindu. Safari yangu ya nne chooni, vijana wawili wenye glovu wakanishika mikono. Nimeingizwa kwenye hema la wagonjwa. Kitanda chenye tundu katikati, ndoo chini yake. Dripu. Adolf ndiye aliyeniandikisha, na jina langu kalikosea.

Humo hemani kuna mama anaitwa Eufrasia. Kwao Burundi alikuwa muuguzi, hapa ni mkimbizi, na kwa kuwa wauguzi hawatoshi ameomba kusaidia. Amevuka na watoto wawili. Mume hajui alipo. Akanitazama shingo kabla ya tumbo. Akaigusa. Akaniuliza kama nasikia baridi, kama nalala sana, kama ngozi inakauka, kama nilikuwa napata choo vizuri kabla ya leo. Yote ndiyo, isipokuwa la mwisho. Nikamnong'oneza na lile lingine, la uchangamfu. Hakucheka.

“Mwanangu, uanaume wako upo,” alisema. “Kinachoumwa ni shingo. Huu uvimbe hujauona?”

Nilikuwa nimeuona. Nilidhani nimenenepa.

Alhamisi, 21 Mei
Si kipindupindu. Nimetolewa. Eufrasia kanipeleka mwenyewe kwa Daktari Benedict. Wamenitoa damu, inapelekwa Mwanza. Majibu wiki mbili. Jumapili ni siku tatu. Sayansi haijali wachumba.

Jumapili, 24 Mei
Kidahwe. Nilifunika shingo kwa skafu. Ndevu nilichora kwa dawa ya viatu nyeusi na mswaki. Zilitoka vizuri mno. Kwa kuwa sitoki jasho, sikuwa na wasiwasi.

Mzee Leonardi alinipokea kwa heshima. Nikatoa shikamoo, nikakaribishwa kochi lenye vitambaa vyeupe alivyofuma mama yake Diana. Mzee akaanza kueleza historia ya ukoo. Nilisikia hadi babu wa pili.

Nilipoamka, nilikuwa nimelalia shavu. Ndevu za upande wa kushoto zilikuwa kwenye kitambaa. Mama mtu alikuwa amekishika kwa vidole viwili. Diana alikuwa anatazama sakafu, machozi yanamtoka, na hayakuwa ya kucheka.

Sikuwa na uongo mwingine tayari. Nikavua skafu. Nikaeleza shingo, usingizi, damu iliyokwenda Mwanza. Sauti ilikwaruza. Mzee alikitazama kile kitambaa, kisha akanitazama mimi.

“Kuumwa sikukatazi,” alisema. “Marehemu dada yangu alikuwa na shingo hiyo. Lakini kuja kwangu umejipaka dawa ya viatu, hapo nakukataza. Tibiwa. Urudi na uso wako.”

Diana alinisindikiza hadi barabarani. Akanifuta shavu la kulia kwa khanga yake.

Ijumaa, 5 Juni
Majibu. Daktari Benedict anasema tezi ya shingo inafanya kazi kidogo mno, na homoni za kiume zimeshuka kwa sababu hiyo. Tezi ikitibiwa, huenda nazo zikapanda. Kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kula, pengine maisha yote, nisiruke hata siku moja. Nikauliza kuhusu ndevu. Akasema hafanyi ahadi za ndevu.

Nimekwenda kumshukuru Eufrasia. Wamekwisha hamishiwa kambini. Nimetafuta jina lake kwenye daftari. Niliyemwandikisha ni mimi, na sikumbuki.

Jumamosi, 22 Agosti
Nimepona! Sisinzii. Bi Sia kanirudishia foleni ndefu. Uchangamfu umerudi, Januari imesamehewa. Mzee Leonardi kanipokea na uso wangu, harusi Oktoba. Diana anasema kidevu changu anakipenda kilivyo.

Lakini picha za harusi hukaa ukutani miaka hamsini. Nimezungumza na Adolf kiume. Ana mafuta ya kuotesha ndevu. Yeye naye siku hizi anachoka, na ameona vidonge vyangu vilivyonibadilisha. Tumebadilishana. Mafuta yote kwangu, vidonge vyote kwake.

Daktari alisema nisiruke hata siku moja. Sijaruka. Nimesimamisha tu hadi Oktoba, na hicho ni kitu kingine kabisa.