Mjukuu wa Kiapo

Riziki humkuta mtu popote, na Sukari ilimkuta kwa kinyozi, nusu ya kidevu ikiwa bado na povu. Aliitwa Sukari kwa ajili ya ulimi wake. Waliowahi kumwamini walimwita majina mengine, ambayo hayafai kuandikwa.

Ng'ambo ya barabara mafundi walikuwa wakipaka rangi nyumba ya ghorofa tatu yenye roshani za mbao. Kinyozi akamweleza kwamba zamani ilikuwa ya ukoo mmoja tu, watu wazito, ambao wameisha mmoja baada ya mwingine. Amebaki Bi Mkubwa peke yake, katika chumba cha nyuma karibu na pa kufulia. Mwanawe wa pekee aliondoka akiwa kijana, wala hakurudi. Kaka yake Bi Mkubwa, kabla ya kufa, aliiuza nyumba kwa tajiri mmoja, miaka sita iliyopita; tajiri akaifanya nyumba ya kulala wageni, na sasa anaigeuza hoteli ya kifahari, ila ana shida moja: wageni wanauliza historia ya nyumba, naye hana. Chumba chenye feni kina bei yake. Chumba alicholala mtu mashuhuri bei yake ni mara tatu, hata kama feni ni mbovu.

"Malizia upande wa pili haraka," Sukari akasema.

Saa moja baadaye alikuwa ameketi mbele ya Tajiri, amekunja nne, uso umejaa huzuni ya watu wa nasaba. Alijitambulisha kuwa ni mtoto wa yule mwana aliyepotea. Baba, alisema, alifia ugenini akiitaja nyumba hii, roshani kwa roshani. Kisha akafungua mdomo, na historia ikamiminika. Babu mkuu wa ukoo, ambaye kwa kweli alikuwa akiuza magodoro, akawa mshauri wa wafalme. Chumba cha kona ghorofa ya pili kikapata malkia aliyelala humo siku tatu akilia. Ngazi zikapata wapinzani wawili walioteremka wakiwa marafiki. Hata stoo ya mafagio haikutoka patupu: ilimficha mshairi.

Tajiri alisikiliza bila kuuliza swali hata moja. Mtu mwenye busara angelishtuka hapo, lakini tapeli akishapata msikilizaji mzuri, busara humwacha mlangoni.

"Sitaki malipo," Sukari alimalizia. "Damu haiuzwi. Nipe chumba kimoja tu cha kuishi maisha yangu yote, kile cha malkia kikiwezekana."

Hicho ndicho alichokitamani kwelikweli. Miaka arobaini na miwili alikuwa amelala kwenye vitanda vya watu, na sasa aliona shuka nyeupe zinazobadilishwa kila asubuhi na mtu mwingine.

Tajiri akampa mkono. Chumba si tatizo, alisema, ila mambo mawili madogo: Bi Mkubwa amtambue, kisha yeye aape mbele ya wakili kwamba ni mjukuu wake wa damu. Wageni wa siku hizi wanapenda ushahidi.

Wakamkuta Bi Mkubwa amekaa juu ya kitanda, amezungukwa na masanduku, mashine za kufulia zikinguruma nyuma ya ukuta. Akamtazama Sukari kuanzia utosini mpaka viatuni.

"Baba yako alikuwa na kovu. Wapi?"

Sukari alijua kwamba hakuna mtoto wa kiume duniani asiyewahi kuanguka. "Gotini, Bibi."

"Gotini," Bi Mkubwa akarudia, akamkumbatia. "Mjukuu wangu, ulipotelea wapi?"

Kiapo kikaandikwa siku hiyohiyo, kikapigwa mhuri mara tatu. Sukari alitia saini kwa mbwembwe, akaongeza na mkia chini yake.

Siku ya ufunguzi alifika mchana na begi lake. Historia ilikuwa ukutani ndani ya fremu ya dhahabu, na wageni walikuwa wakipigana vikumbo kuiona stoo ya mshairi. Bi Mkubwa alikuwa mlangoni, juu ya sanduku. Masanduku mengine kumi na moja yalikuwa yameshapakiwa kwenye gari.

"Anasafiri?" Sukari akauliza.

"Anakwenda kwako," Tajiri akajibu, akamsomea hati ya mauzo. Kaka mtu alikuwa ameweka sharti: Bi Mkubwa asiondolewe chumbani mwake mpaka apatikane ndugu wa damu wa kumtunza. Tajiri alikuwa amemtafuta ndugu huyo miaka sita, kweli au bandia, na mahali pale alitaka kuweka chumba cha kukandia wageni.

"Na chumba changu?"

"Hicho tuliahidiana kwa mdomo, ndugu yangu. Wewe uliapa kwa karatasi. Kama ulisema uongo, wakili yuko pale anakunywa juisi, na polisi hawako mbali."

Sukari akaliokota begi lake. Akapanda gari.

Chumba chake cha kupanga, kitanda kikiwa cha mwenye nyumba, kilimeza masanduku manane. Manne yakabaki ukumbini. Bi Mkubwa akakikagua kitanda, akakikalia, na kwa hiyo kikawa chake. Sukari akaketi sakafuni, akamwambia ukweli wote kwa mkato, kwa uchungu, kama mtu anayetapika.

"Najua," Bi Mkubwa akasema. "Mwanangu hakuwa na kovu popote. Nilimlea kama yai."

"Sasa kwa nini ulinikubali?"

Bi Mkubwa akavua viatu taratibu. "Miaka sita nimesikiliza mashine zinafua shuka za watu. Hakuna aliyekuja kunidai. Wewe ulikuja."

Sukari akainamisha kichwa. Alikuwa amewaibia watu wengi, lakini kabla ya huyu hakuna aliyewahi kumshukuru, na jambo hilo lilimuuma kuliko kibao.

Jirani, mama mwenye chumba cha pili, akachungulia, akaona masanduku, akamwona bibi kitandani.

"Huyu ni bibi yangu," Sukari akasema.

Jirani akacheka mpaka akashika mlango. "Mama, shikamoo. Kimbia. Huyu ni tapeli."

"Marahaba, mwanangu. Najua, nimemchagua mwenyewe," Bi Mkubwa akajibu. "Mwambie tu aniletee maji ya kuoga, na yawe ya moto."