Taa ya Breki na Matairi Yangu Mapana

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu kakubali nichinje gari letu kuukuu, vipuri viingie kwenye gari la michezo ninalojiundia uani. Sharti moja: breki zake za ABS, zile zisizoacha matairi yajifunge ukikanyaga ghafla, ziende zote. Siku ile ya mvua lori lilipotukatia mbele, matairi hayakujifunga. Tulisimama kiganja kimoja kabla ya bampa lake. Hajasahau. Nami sijasahau, ila huwa nasema ulikuwa udereva wangu.

Jumatano, 6 Machi
Pampu, sensa, kompyuta, vyote ndani! Kaka yake mke wangu, fundi umeme, kaja kukagua bila kualikwa. Kasema matairi yote yawe saizi moja kama zamani, maana kompyuta hulinganisha mizunguko yake. Yangu ya nyuma ni makubwa, mapana. Maridadi! Nikamwambia kila fundi na mkono wake. Kaondoka akinung'unika kuwa sikio la kufa halisikii dawa. Wivu tu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimezunguka mtaa. Taa ya ABS kwenye dashibodi imewaka, haizimi. Kompyuta inadhani nyuma kunateleza, imesusa kazi ya kulinda breki. Nirudishe matairi madogo? Gari litaonekana limechuchumaa! Na shemeji atacheka mpaka mwakani. Nimeng'oa balbu. Giza, amani.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu kajifunga kitambaa kichwani, kaketi. Nikawasha. Akatazama dashibodi, akauliza taa ya breki iko wapi. Kwenye gari la zamani ilikuwa ikiwaka kwanza, kisha ikizima. Nikasema siku hizi mambo yamebadilika. Akashuka. Akasema hakuomba gari zuri, aliomba turudi nyumbani wote wawili. Akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza. Nimeona aibu, kweli.

Jumapili, 10 Machi
Nimeyatafakari maneno yake tangu asubuhi. Ana haki. Mtu hawezi kuishi bila kuona taa yake. Nimerudisha balbu! Nimeiunganisha na waya wa taa ya oili: ukifungua swichi inawaka, injini ikishika inazima. Kama zamani kabisa. Matairi hayajaguswa.
Nimemwita aje aone. Imewaka, imezima. Kanishika bega, kasema ahsante, kisha kaingia ndani kutafuta kitambaa chake.
Mvua imeanza kunyunya. Hofu ya nini? Taa imezima.