Bakuli la Kahonzi na Chumba cha Mbele

Jumatatu, 9 Septemba

Chumba cha mbele kitupu tena. Tangu nimzike mke wangu Kahonzi mwezi wa pili, huyu ni mpangaji wa pili kunipotea. Wa kwanza alitoroka na kitanda changu kupitia dirishani. Kitanda ni kipana kuliko dirisha! Nimepima mara tatu. Hadi leo sielewi. Wa pili alikuwa mtu wa dini. Nikasema hapa nimepata. Kumbe amehamia na spika mbili na waumini thelathini, na jana wamehama wote bila kunilipa kodi.

Binti yangu Cynthia amepiga simu kutoka Kikambala. Kauliza nani ananiangalia. Nikamwambia najiangalia mwenyewe, macho ninayo. Hakucheka. Amesema atakuja mwisho wa mwezi, na asipokuta jirani wa maana katika chumba kile, atanichukua nikaishi kwake na ploti iuzwe.

Iuzwe! Vyumba sita! Nimebeba magunia ya chumvi hapa Gongoni mpaka bega likaota sugu, Kahonzi naye akichota maji ya kukorogea saruji, ndoo kichwani, Cynthia mgongoni. Chumba cha mbele ndicho tulichoanza nacho. Tulilala humo kabla hakijatiwa mlango. Siondoki.

Jumanne, 10 Septemba

Kahonzi ndiye aliyekuwa akichagua wapangaji. Miaka yote ile hakutoroka hata mmoja. Mimi yangu yalikuwa saruji na mabati. Sikuwahi kumuuliza anawajuaje. Nilidhani wakati upo.

Leo nimemuuliza Nyaboke, muuza mboga, mpangaji wangu wa chumba cha nyuma. Amesema Mama Cynthia hakuwa na siri. Mtu akija kuulizia chumba, alimpakulia maharagwe ya nazi katika lile bakuli lake la maua mekundu, akamwambia nenda nalo. Kisha akangoja lirudi. Nyaboke alitaka kuendelea, nikamwambia basi mama, nimeshaelewa.

Mtihani! Anayerudisha bakuli upesi na safi ndiye atakayelipa kodi upesi na kutunza nyumba safi. Mwanamke alikuwa na akili ya benki ndani ya kanga, na mimi nikidhani ni ukarimu tu.

Nimepanga alama. Salamu kumi. Visigino kumi na tano, maana kisigino hakidanganyi. Bakuli sabini na tano. Jumla mia. Sasa waje.

Alhamisi, 12 Septemba

Amekuja mtu aitwaye Laban. Anasema ni mtunza stoo kwenye kampuni ya chumvi. Salamu nzito, mikono miwili. Visigino vimo ndani ya viatu vya ngozi, sikuviona. Nimempa alama zote kwa kumdhania mema.

Maharagwe nimepika mwenyewe. Chini yaliungua, juu hayakuiva, lakini ukiyachanganya unapata wastani. Akaondoka na bakuli. Kabla chai yangu haijapoa, huyo amerudi! Bakuli linang'aa hata naona ndevu zangu. Halijang'aa hivi tangu mwezi wa pili. Alama mia!

Kuku wa Nyaboke wamekutwa mtaroni wakila maharagwe. Sijui ya nani.

Jumamosi, 14 Septemba

Ningempa Laban ufunguo jana, lakini haki ni haki, mtihani wataka wawili. Leo amekuja Kuluthumu, mama wa makamo kutoka Faza. Anauzia vibarua wa chumvi viazi vya karai, na amejibanza kwa wifi yake, jiko moja watu tisa. Shikamoo mzee wangu, nzuri kabisa, kumi. Visigino vina vumbi la barabara yote ya Gongoni. Tano.

Akauliza nani aliupanda ule mwasmini mlangoni. Nikasema marehemu. Akasema mti huu una kiu. Akachukua kopo, akaumwagilia, bila kuombwa. Nimetafuta pa kuliweka hilo katika hesabu, hapana.

Akaonja maharagwe pale pale. Akatafuna. Akatafuna tena. Akasema, mzee wangu, haya yanataka mtu. Sikujua ni sifa au ni nini. Akaenda na bakuli.

Jumatatu, 16 Septemba

Bakuli halijarudi. Natoa alama kumi kila siku. Nyaboke kaniletea salamu za yule mama: nisione kimya, anangoja zamu yake ya jiko. Jiko la nini? Bakuli huoshwa kwa maji!

Rafuni pamebaki duara lisilo na vumbi, mahali bakuli hukaa. Nimelitazama mpaka uji ukapoa.

Jumanne, 17 Septemba

Nimekata shauri. Laban amepewa ufunguo. Nikampigia Cynthia, nikamwambia jirani amepatikana, alama mia. Akauliza ni mtu wa namna gani. Nikamwambia mia. Akauliza tena, mmeshakaa mkaongea? Watoto wa siku hizi hawasikii namba.

Jumatano, 18 Septemba

Kuluthumu amekuja na bakuli. Limejaa wali wa nazi, samaki wa kupaka juu yake, na sahani yake mwenyewe ya udongo imefunika. Ile harufu ilifika kabla yake.

Nikajua mara moja. Hongo! Amefeli mtihani, sasa anataka kumlisha mwalimu. Nikamwambia chumba kimeshakwenda. Akautazama mwasmini kidogo. Akasema riziki ni mafungu, mzee wangu, wewe kula kingali moto. Akaenda zake, sahani akaiacha.

Nilianza kula nimesimama, kama mwizi. Kisha nikakaa. Chakula cha moto kutoka mkono wa mtu sijakila tangu matanga yaishe. Palikuwa na ndimu ndani yake, kama alivyokuwa akitia Kahonzi. Nimekula mpaka nikafika kwenye yale maua mekundu, nikayatazama, nikashindwa kuinuka.

Bado ni hongo.

Jumatatu, 23 Septemba

Laban ameondoka. Globu, imekwenda. Mfereji wa bomba, umekwenda. Mlango, umekwenda! Mlango wa mninga, nilioupiga randa mwenyewe! Kwenye kampuni ya chumvi wamesema hawajapata kuwa na Laban. Lazima niseme ukweli lakini, chumba amekifagia. Safi kabisa.

Nimesimama ndani yake. Upepo unapita kama siku zile za kwanza, tulipoziba kwa mkeka na Kahonzi akacheka, akasema hata mwizi akija atatuonea huruma.

Nyaboke alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniona uso, akajifuta macho. Akasema, Baba Cynthia, siku ile ulinikata kauli. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, hata mtoto ajua. Mama Cynthia hakuangalia kama bakuli limeoshwa, aliangalia limerudi na nini. Hata kama ni ndimu mbili. Mtu akikosa kabisa, alikuja akakaa naye, wakaongea, basi hiyo nayo ni kitu. Laban alikuletea nini? Ung'avu!

Akaniambia Kuluthumu amepanga ng'ambo ya barabara kwa Mwaringa, paa linavuja, na roho yake ingali kwenye chumba changu. Sahani yake ninayo. Niipeleke, nikae, nimwombe. Cynthia anakuja Jumamosi.

Nimempa Nyaboke ahsante. Mambo ya wanawake haya. Sheria yenyewe nimeikubali, lakini nimeipigia hesabu. Bakuli lina ujazo. Sahani ile ilikuja kama kifuniko. Kifuniko hakina ujazo. Kwa hiyo hakidai kitu.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimeisugua sahani kwa majivu, nikaisuuza, nikaisugua tena. Nikavaa kanzu ya Idi niliyopewa na Mahadhi wa dukani. Nikavuka barabara.

Kuluthumu alikuwa ametandika mkeka. Vikombe viwili. Akaniambia karibu mzee wangu, nilisema tu utakuja. Akaipokea sahani kwa mikono miwili, akaitazama ndani. Akanitazama mikono. Akaitazama sahani tena.

Nikamweleza kwamba haina hata mkwaruzo. Nikamweleza kwamba mtu mwaminifu hujulikana hivi. Akasema ahsante. Sikukaa, maana sikuja kwa chai. Nikasimama pale nikingoja aulize habari ya chumba, kwani mwenye shida ndiye huuliza. Hakuuliza. Akaanza kukunja mkeka.

Nimerudi. Nimejipa alama mia, na nadhani nimejipunja.

Cynthia kesho kutwa. Si neno, kesho ipo: kuna kijana wa bodaboda, Dena, anakuja kuona chumba. Safari hii nimeondoa alama za salamu, bakuli peke yake mia nzima, na atakayelirudisha na chochote ndani yake simtaki, hiyo ni hongo. Nyaboke amesikia hayo, akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Maharagwe nimeyaloweka. Bakuli la Kahonzi liko mezani, safi, limeelekea mlango. Yaani pale ulipokuwa mlango.