Marehemu Mtunzi wa Risasi Saba

Jumanne, 15 Julai 1997

Toleo la pili limeisha. Enesi, mwenye duka la stesheneri pale stendi, anayenipigia taipu na kunirudufia vitabu, anasema hata nakala iliyopinda kurasa imenunuliwa. Mimi, Gibson Nzunda, niliyeteremka kutoka kijijini Ruanda, Mbozi, miezi mitatu tu iliyopita na begi moja, ndiye mwandishi anayesomwa kuliko wote Tunduma. Siringi. Naandika ukweli.

Kitabu ni Risasi Saba za Nakonde, ule mji wa Zambia ng'ambo ya mpaka. Siri za mafanikio yake ni mbili. Kwanza, jaladani niliandika KISA CHA KWELI, WAHUSIKA WANGALI HAI. Si kisa cha kweli. Muuaji nilimtoa kwa jamaa niliyemwona mara moja kwenye foleni ya mpakani: jino la dhahabu, lori la kijani, mlangoni pameandikwa KASONDE. Nikachukua vyote, jina na jino na lori. Akina Kasonde wako wengi Zambia, nani atajua.

Pili, Kibemba. Muuaji wangu kabla hajafyatua risasi humwambia mtu, "Ndekufwaya." Yaani, nakuua. Sikufundishwa na mtu. Kwetu Kinyiha kufwa ni kufa, na lugha hizi ni ndugu. Leo nimewaona madereva wawili wa Kizambia wanasoma kitabu changu, wameegemea bampa ya lori. Machozi yanawatoka, wameshikana mabega. Hofu ile, jamani.

Mwalimu Nathanaeli, Mlambya wa Ileje, anayeandika vijitabu vya maadili ya ndoa vinavyoshika vumbi kwa Enesi, kaniuliza Kibemba nilijifunzia wapi. Wivu. Nikamwambia kiko damuni.

Jumatano, 16 Julai

Nimekwisha.

Enesi anasema jana jioni lori la kijani lilisimama mbele ya duka. Akashuka mtu mnene mwenye jino la dhahabu. Kitabu changu mkononi. Akauliza mtunzi anakaa wapi. Nashukuru Mungu Enesi hapajui kwangu. Yule mtu akaacha karatasi yenye maneno matatu: "Ba Kasonde balekufwaya."

Enesi alitaka kunifafanulia. Yeye ni Mnamwanga wa hapahapa, shangazi zake wote wako ng'ambo. Nikamkatisha. Nikamkumbusha kwamba mwandishi wa Kibemba ni mimi, yeye anapiga taipu. Akauma midomo kama mtu anayezuia chafya.

Nikaisoma karatasi uchochoroni peke yangu. Ndekufwaya ni nakuua. Balekufwaya, basi, ni wanakuua. Wana. Siyo Kasonde peke yake. Ni kundi zima.

Nimerudi nyumbani kwa njia za nyuma, nikafunga mlango kwa komeo.

Alhamisi, 17 Julai

Hadi alasiri sikutoka nje. Kila lori likipiga honi nachutama nyuma ya mlango, na mji huu kazi yake ni malori na honi. Saa nne mlango uligongwa, nikajikuta uvunguni mwa kitanda bila kujua nimefikaje. Alikuwa mke wangu, Atuganile, anayeuza vitumbua kwenye ofisi za mawakala wa forodha. Alisahau chenji.

Akaniinamia huko huko uvunguni akaniuliza kwa nini nisimwendee huyo baba nikamwuliza anataka nini. Mwanamke wa watu hajui mambo ya majambazi. Mimi nayajua, nimeyaandika.

Huko uvunguni ndipo wazo lilinijia. Aliyekwisha kufa hauawi. Nimeandika tangazo la kifo changu. Mistari kumi na minane. "Mwandishi mashuhuri wa riwaya za kusisimua, aliyependwa pande zote mbili za mpaka, ametutoka ghafla akiwa bado na mengi ya kuandika." Nililia kidogo nilipofika mwisho. Atuganile kakataa katakata kulipeleka. Anasema yeye ni mama wa kwaya, hasemi uongo kwa ajili ya mtu mzima aliye uvunguni. Nimejifunika khanga yake nikalipeleka mwenyewe, nikalibandika ukutani kwa Enesi wakati anahudumia wateja.

Ijumaa, 18 Julai

Tangazo linafanya kazi kuliko nilivyotarajia. Atuganile kanieleza, kwa hasira, kwamba watu wamejaa dukani. Vitabu vyangu vyote vimekwenda. Kumbe nikifa nauzika. Nathanaeli naye alifika, akavua kofia, akasoma tangazo taratibu, akatoa kalamu nyekundu akasahihisha koma mbili. Hata maiti haiachi salama.

Ila Atuganile ameniuliza jambo moja ambalo sikulifikiria. Mabasi ya Mbozi yanapakia mbele ya duka lile lile. Kama habari itafika Ruanda, mama yangu ataambiwa nini?

Jumapili, 20 Julai

Naandika ya jana. Jana nisingeweza.

Habari ilifika Ruanda. Asubuhi pikapu ikasimama mlangoni imejaa kina mama wa kanisani, wanalia tangu njiani, mbele yao mama yangu mzazi. Walikuja na unga, maharage na sufuria za msiba. Mimi uvunguni. Nilitaka kutoka, lakini mlio wa lori ukafuata pikapu kwa nyuma. Kwa chini ya pazia la mlangoni niliona magurudumu, na juu yake bati la kijani. Nikabaki nilipo. Wakaingiza viroba vya unga chumbani, wakavipanga kitandani juu yangu. Kimoja kilikuwa kimetoboka. Unga ukaanza kunishukia kichwani polepole.

Atuganile aliwaambia ukweli. Aliwaambia wote, waziwazi, kwamba sijafa, niko uvunguni. Kina mama wakalia zaidi, wakamshika mikono, wakasema huzuni imempanda kichwani. Mama yangu akamfunga kitambaa kipajini.

Kisha sauti nzito ikatoa pole kwa Kiswahili cha ng'ambo. Kasonde. Alikuwa ameifuata pikapu ya msiba kutoka stendi, pamoja na Nathanaeli na kreti tatu za soda. Akaeleza msibani kwamba amenitafuta siku nne. Aliacha karatasi: Ba Kasonde balekufwaya, yaani Bwana Kasonde anakutafuta, anakutaka. Huko kwao mtu mwenye heshima anasemwa kwa wingi, hata akiwa mmoja.

Halafu akasema, huku anajizuia msibani asicheke, kwamba toka azaliwe hajasoma kitabu cha kuchekesha kama kile. Muuaji anamnyooshea mtu bastola, anamwambia "Ndekufwaya", nakutaka wewe! Mara saba, watu saba, mmoja wao mchungaji. Mkewe, kule mjini Kasama, alicheka hadi akashikwa kwikwi. Madereva wote wanaitana hivyo barabarani. Kwa jina lake kutumiwa hakuchukia, amekuwa maarufu. Alikuwa anataka niandike vitabu vinne zaidi, achapishe yeye kwa mashine ya kweli, avisambaze kwa lori hadi Ndola. Sasa mtunzi amekufa, akauliza kwa masikitiko, je, hapa hakuna mwingine anayeandika?

Nathanaeli akakohoa.

Sikuweza tena. Maisha yangu yote yalikuwa yanaondoka na kofia ya yule mwalimu. Nikatoka uvunguni, nikafungua pazia, mweupe wa unga toka utosini hadi kwenye kope, nikamnyooshea Kasonde mikono yote miwili. Kiswahili kikanipotea. Neno pekee lililokuja lilikuwa lile, na kwa mara ya kwanza maishani nililitumia kwa maana yake halisi.

"Ndekufwaya!"

Nakutafuta wewe. Maiti inakutafuta wewe. Kasonde hakuaga. Nathanaeli alidandia lori likiwa limeshaanza kutembea. Kina mama waliruka sufuria. Aliyebaki ni mama yangu peke yake. Alinitazama, akanigusa shavu, akaonja unga kwenye kidole. Akalia kwa furaha. Halafu akavua kandambili.

Jumatatu, 21 Julai

Enesi ameleta habari. Kasonde ametuma neno kwamba hataki tena kusikia jina langu, hata kwa kutajiwa. Vitabu vinne ni vya Nathanaeli. Yumo ndani ya lori, wako njiani kwenda Kasama, anaandika kwenye kiti cha mbele. Mama amerudi Ruanda na unga wake. Atuganile leo kasema neno moja tu, na lilikuwa "kula".

Nilikaa, nikajitafakari kwa kina. Nimegundua kosa. Zambia ni mbali mno, mwandishi aandike kuhusu watu wa karibu anaowajua.

Nimeanza kitabu kipya. Muuaji ni mwalimu, anavaa kofia, anatembea na kalamu nyekundu, jina lake Nathanaeli. Kabla ya kuua anasema neno la Kilambya. Kilambya sijakisoma, lakini kinakaribiana sana na Kinyiha. Enesi ana shemeji Mlambya, akajitolea kumwuliza. Nikamwambia asijisumbue.

Jalada nimeshalichora. KISA CHA KWELI.