Meza ya Dirishani kwa Ajili ya Darcy

Jumatatu, 6 Januari

Siku ya kumi ya ndoa. Bado naamka nikimwangalia mume wangu Darcy anavyokoroma, najiuliza bahati hii niliitoa wapi. Ijumaa anapanda ndege kurudi mgodini. Wiki mbili kwenye vumbi jekundu, maskini! Kabla hajaondoka lazima tule pamoja kwenye meza ya dirishani pale Mkahawa wa Pelikani, bahari mbele yetu, mikono imeshikana. Nimeapa.

Tatizo ni Januari. Shule zimefungwa, Sydney nzima imehamia hapa Yamba, mji wetu mdogo wa pwani. Na Pelikani hawamwekei mtu meza. Unaandika jina ubaoni, unasubiri. Ukiitwa mara mbili bila kuitika, unafutwa. Darcy hawezi foleni, kwa hiyo foleni ni zawadi yangu kwake.

Nimeandika jina saa kumi na mbili na nusu, nikaenda kupumzika kidogo garini. Nimeamka saa tano. Shontelle, mhudumu anayeshika ubao, anasema aliniita mpaka watalii wakamsaidia. Darcy alikuwa ameshakula mkate nyumbani.

Jumanne, 7 Januari

Jina moja halitoshi. Leo nimeandika manne: langu, Gwen, Maureen na Trevor. Majina ya kizee, nani anayo siku hizi? Nafasi nne, mke mmoja. Hesabu safi!

Shontelle akamwita Trevor, meza ya dirishani. Kabla sijanyanyua mkono, akainuka mzee mmoja wa kaptura na soksi ndefu, akashukuru, akakaa. Trevor halisi! Hakuwa ameandika jina popote. Alidhani wanamfahamu tu. Akaagiza mayai, akafungua gazeti. Saa mbili nzima.

Shontelle akalinganisha miandiko. Amefuta yote, na langu pia.

Jumatano, 8 Januari

Siri nimeipata. Mbwa hawaingii ndani, kwa hiyo wenye mbwa hupewa haraka meza za barazani. Moja iko chini ya dirisha lenyewe! Nimemwazima Duchess, mbwa wa mama mkwe. Mama mkwe akauliza wa nini. Nikasema nataka kuizoea familia.

Dakika nne, nimekaa! Nikamfunga Duchess kwenye mguu wa meza, nikampigia Darcy aje mbio. Duchess akaona bekoni kwenye sahani ya mama mmoja kutoka Melbourne. Akaifuata. Meza nayo ikamfuata, mpaka chini ya ngazi.

Shontelle akaja na ufagio. "Shoga, mbwa karibu wakati wowote. Wewe nenda kapumzike."

Darcy amenikuta naokota vigae vya glasi. Akanibusu kwenye paji la uso mbele ya watu wote!

Alhamisi, 9 Januari

Darcy ameomba leo tusitoke. Atakaanga mayai, tukae ngazini tumtazame jirani akiosha boti yake. Mtamu jamani! Nikamwambia asinivunje nguvu, tumeshafika mbali.

Nimemwomba Shontelle msamaha, nikajitolea kufuta meza ili niwe karibu ile ya dirishani ikiachwa wazi. Nimefuta thelathini na moja. Ile haikuachwa. Trevor.

Ijumaa, 10 Januari

NIMEIPATA!

Sijui ni huruma au amenichoka, lakini saa moja kamili Shontelle amenikalisha dirishani. Basi la Darcy la kwenda uwanja wa ndege linaondoka saa mbili na robo. Sikuweza kurudi kumsaidia kufunga begi. Ukiinuka tu, meza imekwenda. Nikaagiza parachichi juu ya mkate, sahani mbili, nikalinda kiti chake kwa mkoba na mguu.

Amefika saa mbili na dakika tano, begi mgongoni. Amekula amesimama. Nimeushika mkono wake, ule usio na uma. Bahari! Yeye!

"Mpenzi," akasema taratibu, "likizo nzima nimekaa nyumbani peke yangu, namsubiri mke wangu atoke kwenye foleni."

Akanibusu, akakimbilia basi.

Nimelia mpaka Shontelle akaniletea kahawa. Hakuna mwanamume aliyewahi kuniambia maneno mazuri kama hayo. Ameanza kunikumbuka kabla hata hajaondoka! Anarudi tarehe ishirini na nne. Nimeshamwuliza Shontelle ubao huwa unatolewa nje saa ngapi.