Ombi la Kurudishiwa Mbao Mbovu za Baraza ya Uani

Kwa Ndugu Fundi Seremala, mdogo wa mume wangu, na shemeji niliyempenda mpaka mwezi uliopita,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, vidole vyote kumi vikiwa mahali pake, maana kwa kazi yako hilo si jambo dogo. Sisi hatujambo. Baraza ya uani nayo haijambo, tena haijambo kupita kiasi, na hiyo ndiyo sababu ya kukuandikia.

Najua utakunja uso useme asante ya punda ni mateke. Sema tu. Nakiri kwamba mimi ndiye niliyekupigia simu mara kumi na nne nikitaka uje uitengeneze. Nilikuambia mbao zimeoza, nguzo zinayumba, na mchwa wamehamia pamoja na jamaa zao. Yote yalikuwa kweli. Lakini fundi mwenye uzoefu anapaswa kujua kwamba kuna mtu anayelalamika kwa sababu anataka kutengenezewa, na kuna mtu anayelalamika kwa sababu ameshazoea kulalamika. Mimi nilikuwa huyo wa pili. Sasa nakuwekea malalamiko yangu kwa mpangilio, usije ukasema shemeji alikurupuka.

1. Ulikuja siku uliyosema utakuja. Jambo hili limenishtua hadi leo. Mafundi wenzako wakisema Jumatatu, mteja anajua ana miezi mitatu ya kujiandaa. Wewe ulisema Jumatatu, na Jumatatu hiyohiyo, saa moja asubuhi, ulikuwa mlangoni na msumeno, mimi nikiwa bado na mswaki mdomoni. Ungechelewa kidogo kama binadamu wengine, ningepata muda wa kufikiri, na pengine ningekutuma ukatengeneze banda la kuku.

2. Uling'oa mbao zote bila kuuliza ipi ina kazi gani. Baraza ile ilikuwa na mbao ishirini na mbili. Nzima zilikuwa nne tu, karibu na ukuta wa jikoni. Zilizobaki ukizikanyaga unakwenda kusalimiana na mchwa. Kwa hiyo maisha yetu ya uani yalikuwa juu ya mbao nne: viti viwili vilivyobanana hadi vikachubuana rangi, na kigoda cha kuwekea birika. Tangu kaka yako astaafu, mwaka wa saba huu, tumekaa hapo kila jioni bega kwa bega. Unamjua kaka yako. Alikaa miaka thelathini kwenye mizani ya malori akipima mizigo na kuandika namba, na maneno yake ni machache kama ya mtu anayepiga simu ya kuazima. Lakini kwenye mbao nne hata mtu mkimya huongea, maana hana pa kukimbilia. Hapo ndipo aliponisimulia mambo ya utoto wenu, likiwemo lile la wewe na mzinga wa nyuki, ambalo mkeo bado hajalisikia.

3. Hili naliandika polepole. Kati ya mlango wa jikoni na mbao hizo nne palikuwa na pengo, ubao mmoja ulishaanguka zamani. Kila jioni nilipotoka na birika, kaka yako aliweka kikombe chini, akasimama, akanyoosha mkono na kusema, "Hatua ndefu, mama watoto." Nikavuka. Sikuwahi kuvuka bila mkono wake. Sasa umeweka ubao mpya pale, umeupiga randa, umeupiga msasa, hata mtoto anayejifunza kutembea anapita bila wasiwasi. Hakuna anayesimama. Ule mkono ulikuwa wangu, shemeji, na wewe umeuzibia njia kwa ubao na misumari sita.

4. Ulifungua nafasi. Siku ileile uliyoondoka, kaka yako alibeba kiti chake akakihamishia pembe ya mwisho, karibu na ngazi. Nimehesabu, ni hatua kumi na moja. Nilimwuliza kwa nini, akanijibu, "Kwa usalama." Usalama wa nani, hakusema. Tangu hapo tunaongea kwa kupaza sauti. Juzi nilimwuliza kama amekunywa dawa yake ya presha, akajibu jirani mshonaji kutoka ng'ambo ya uzio kwamba yeye amemwona akiinywa, na kwamba suruali yake ya kahawia iko tayari. Jana nilitaka kumwambia kwamba nina upweke. Neno kama hilo halipigiwi kelele uani. Nikanywa chai yangu.

5. Vanishi. Uliambiwa upake, hukuambiwa upake mara tatu. Jogoo wetu alijiona kwenye mbao akashinda asubuhi nzima akipigana, akashindwa.

6. Zamani wageni walichungulia kutoka mlango wa jikoni, wakaiona baraza, wakakumbuka kwamba wana shughuli nyumbani. Sasa wanakaa mpaka birika linakauka. Kikundi chetu cha kina mama kimeamua, bila kunishirikisha, kwamba mikutano yote itafanyika kwangu. Walikuja kumi na tisa, wakarukaruka kwa zamu ili waone kama italia. Haikulia. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuonya kwamba ukiuziba utafungua ukumbi wa mikutano.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba kwa heshima uje ung'oe mbao kumi na nane. Nne za ukutani uziache, na kile kipande cha mlangoni ukitoe cha kwanza kabisa. Kama heshima ya ufundi wako hairuhusu kubomoa kazi nzuri, basi nirudishie zile mbao mbovu. Nasikia umewajengea kuku wako banda kwa hizo mbao. Nasikitika kwa niaba ya kuku, lakini watafute pengine pa kukaa. Na kama mbao hizo zimeshakuwa kuni, niletee mchwa. Sichagui kabila la mchwa, ilimradi wawe wachapakazi kama wewe. Nitawatunza vizuri na wataanza na upande wa ngazi.

Ukikataa ombi hili, nitakupeleka mbele ya kikao cha ukoo kwa kosa la kutenganisha mume na mke kwa kutumia nyundo, randa na ndoo mbili za vanishi. Ushahidi ninao, hatua kumi na moja, na mwenyekiti wa ukoo anakaribishwa aje azipime kwa miguu yake. Nitaomba adhabu yako iwe kuitengenezea kila nyumba ya ukoo baraza kama yetu, mbao ishirini na mbili imara, ili wanaume wote wa ukoo wahamie pembeni na wake zao wote waje tulie pamoja kwenye baraza yangu, maana sasa inatutosha.

Nasubiri majibu yako, na kwa jinsi unavyofuata ratiba, nayategemea kesho. Msalimie sana mkeo, wasalimie watoto, wasalimie wateja wako wote na uwape pole. Usiisalimie randa.

Mimi shemeji yako, mwenye kinyongo na wewe lakini hakikuzuii kuja kula,

Mke wa kaka yako

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta bahasha, kaka yako alipaza sauti kutoka ngazini akiuliza namwandikia nani. Nikamwambia ni wewe, kuhusu baraza. Akasema basi nikuulize kama zile wiki sita zinahesabiwa tangu msumari wa mwisho au tangu mkono wa mwisho wa vanishi. Nikamwuliza, wiki sita zipi?

Ndipo alipokuja, hatua zote kumi na moja, akatoa karatasi mfukoni. Kumbe siku unaondoka, mimi nikiwa ndani naosha vikombe, ulimwambia asirundike mzigo upande mmoja kwa wiki sita mpaka mbao zitulie. Nadhani wewe ulikuwa na maana ya mifuko ya saruji. Yeye ni mtu wa mizani, akatazama nyumba nzima, akaona mzigo uliopo ni mimi na yeye. Ameandika uzito wake, ameandika na wangu (wangu alinisomea kwa kunong'ona, kwa hiyo na mimi siuandiki hapa), akatugawa, mmoja huku na mmoja kule, ili baraza isije ikakatika nikaumia. Chini ya hesabu hiyo kuna vistari, kimoja kwa kila siku, thelathini na saba. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani nimesikia. Halafu akaikunja karatasi yake taratibu, akasema hizi siku zimekuwa ndefu kuliko miaka yote ya malori.

Nimekwenda kukichukua kiti chake mimi mwenyewe. Sasa hivi tuko upande wa jikoni wote wawili, siku tano kabla ya muda, na vikombe vyetu, na mbao hazijatoa hata mlio. Kazi yako ni nzuri, shemeji, Mungu akubariki. Nyundo iache nyumbani. Jumapili njoo na mkeo tunywe chai, nafasi ipo tele, ila nyinyi mtakaa upande wa ngazi.